Anayenunua Chensoo Siye Anayeishika

Ubishi wa chensoo orijino na chensoo feki, uwe Mafinga, Eldoret au Beni, kwa kawaida huanza kwa kugawa mashine mafungu mawili: ya Mzungu na ya Mchina. Mgawanyo huo ni rahisi kukumbuka lakini haufiki mbali. Stihl ya Ujerumani, ambayo mwanzilishi wake Andreas Stihl alianza na msumeno wa umeme mjini Stuttgart mwaka 1926, leo ina kiwanda Qingdao, China. Husqvarna ya Sweden, iliyozaliwa kama kiwanda cha bunduki mwaka 1689 na kutoa chensoo yake ya kwanza mwaka 1959, nayo ina kiwanda Changzhou, China hiyo hiyo. Mtu anaweza basi kununua orijino iliyotoka China, na jirani yake akauziwa feki iliyoandikwa ubavuni kwamba imetengenezwa Ujerumani. Nchi ya kiwanda haisemi mengi. Ukitaka kuzielewa mashine hizi, uliza mambo mawili: nani atasimama mbele zikiharibika, na nani atakuwa amezishika wakati huo.

Kinachoitwa "feki" sokoni ni vitu kadhaa vilivyotupwa kapu moja. Kuna feki ya kweli kweli, yenye rangi ya chungwa na kijivu, jina lile lile, hata kijitabu cha maelezo chenye nembo, ila kiwanda kilichoitengeneza hakina mtu anayekijua. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Feki imevumbua njia ya tatu, kibaya kujiuza kwa jina la kizuri. Pembeni yake kuna kopi isiyojificha. Kampuni ya China iitwayo Farmertec, kwa mfano, huuza kwa jina la Holzfforma mashine zilizofuatwa kipimo kwa kipimo kutoka Stihl MS 660 na Husqvarna 372XP, kiasi kwamba spea nyingi za huku huingia kule. Jina ni lake na mnunuzi anajua alichonunua. Halafu kuna lile jeshi kubwa la mashine za namba 5200 na 5800, ambazo umbo lake lilitokana na chensoo ndogo za Zenoah za Japani. Hizo kila mwagizaji hubandika jina analopenda: tai, simba, au neno lolote lenye mlio wa Kijerumani.

Mashine za kundi hili la mwisho husema uongo wa aina yake, uongo wa ukubwa wa injini. Ganda linaandikwa 58, wakati mwingine 62 au zaidi, kana kwamba namba ni mapambo. Ukitaka kujua ukweli huhitaji maabara. Fungua silinda, pima kwa rula. Pistoni ya kipenyo cha milimita 45 inayopanda na kushuka milimita 33 inatoa sentimita za ujazo 52 na nusu, hata ganda likiandikwa mia. Fundi mwenye kalamu anaweza kumuumbua muuzaji kwa dakika kumi, na ni ajabu jinsi wachache wanavyojisumbua.

Kisheria mambo haya hayalingani. Haki ya ubunifu wa kifaa hudumu miaka 20 tu, kisha ubunifu unakuwa wa watu wote. Nembo ya biashara haizeeki maadamu mwenyewe anaendelea kuihuisha. Ndiyo maana kiwanda chochote kinaruhusiwa kutengeneza injini inayofanana na ya mwaka 1968, lakini hakiruhusiwi kuibandika jina la mwenzake. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na anayeisimamia ni Tume ya Ushindani, FCC. Kenya ilitunga sheria yake dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Sheria hizi zinalinda jina. Chensoo dhaifu isiyoiba jina la mtu haziigusi. Hiyo ni kazi ya watu wa viwango, na wao nao wana mabati, nondo, mafuta ya kula na nyaya za umeme vya kukagua kabla ya kufika kwenye msumeno.

Nimetaja mwaka 1968 kwa makusudi. Ndio mwaka ambao Stihl ilitoa mashine iliyojenga jina lake katika nchi za joto kuliko nyingine yoyote: 070. Injini yake ina sentimita za ujazo zaidi ya 100, nguvu farasi kama sita na nusu, na uzito unaozidi kilo 10 kabla hujafunga bapa wala cheni. Haina mbio, ina nguvu ya kuvuta. Inapasua gogo kwa urefu wake, kazi ambayo mashine nyepesi ya kuangushia miti huishiwa pumzi. Katika misitu ya Ituri na Kivu, ambako wapasuaji hubadilisha libuyu na mvule kuwa mbao papo hapo porini kisha mzigo ukasafiri kwenda Uganda na Kenya, mashine ya aina hii ndiyo kiwanda kizima. Hakuna barabara ya kupitisha lori la magogo. Kuna chensoo, kamba ya kupigia mstari, oili chafu ya gari ya kulainisha cheni, na vijana wa kubeba mbao kichwani hadi njia panda.

Sasa wapenzi wa orijino wanisamehe. Hiyo 070, ya kiwanda chenyewe, haina breki ya cheni. Haina springi wala raba za kutenganisha mikono na mtetemo wa injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Stihl na Husqvarna zote mbili zilikuwa tayari na breki ya cheni na mishikio ya kuzuia mtetemo kwa wateja wa Ulaya, lakini 070 iliendelea kuuzwa katika nchi zetu kwa miongo kadhaa baada ya hapo. Ilipendwa kwa sababu ni ngumu na rahisi kutengeneza, na aliyeiuza alijua anauza nini. Viwanda vya kuiga vilipoanza kazi, 070 ilikuwa miongoni mwa mashine za kwanza kunakiliwa: ubunifu wake ni wa zamani, vipande vyake ni vichache, wateja wake ni maskini. Kopi ya 070 kwa hiyo imeiga vyema kabisa jambo moja, ukosefu wa breki. Jina kubwa halikuwa dhamana ya usalama wa opereta hata lilipokuwa la kweli.

Hapo ndipo ninapoachana na matangazo ya wenye majina, lakini siungani na wale wanaosema zote ni chuma tu. Chuma si kimoja. Silinda ya chensoo nzuri ni ya aluminiamu iliyopakwa ndani utando mgumu sana wa nikeli na silikoni kabaidi, au kromu iliyowekwa kwa uangalifu. Katika mashine ya bei ya chini utando huo huwa mwembamba au umeshika vibaya. Ukibanduka karibu na tundu la kutolea moshi, ringi inakwaruza, mgandamizo unashuka, na mashine inakuwa ya kuvutwa kamba mara ishirini kila asubuhi. Beringi za krenki hupiga kelele mapema. Oili sili zikilegea, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata moto kupita kiasi na kung'ang'ania. Fundi anasema "imenoki". Mwenye mashine anamlaumu opereta kwamba hakuweka oili ya kutosha, opereta anamlaumu muuza petroli, na sili ya bei ya soda inakaa kimya.

Yapo pia maradhi ambayo hayazimi injini, na hayo ndiyo ya kuogopwa. Springi za klachi zikiwa dhaifu, cheni inaendelea kuzunguka hata opereta akiwa hajapiga resi. Anatembea porini na msumeno ulio hai mkononi. Bendi ya breki inaonekana ipo, mlio wa kubofya unasikika, lakini haikamati. Kidude cha kudaka cheni inapokatika kimetengenezwa kwa plastiki laini au hakipo kabisa. Pampu ya oili inatema matone pale ilipotakiwa kumwaga, bapa linaungua, cheni inarefuka na kuruka nje. Sehemu hizi hazina nguvu farasi za kutangaza, kwa hiyo anayetafuta pa kupunguza gharama huanza nazo. Mnunuzi dukani anavuta kamba, anasikia muungurumo, anatabasamu. Hakuna anayejaribu breki dukani.

Kopi zote, hata hivyo, haziko daraja moja. Zile za wazi zinazofuata mashine za kitaalamu zimepata wafuasi hata Marekani, ambako watu huziagiza zikiwa vipande, wakaziunga wenyewe kwa raha zao, na kubadilisha beringi, sili na ringi kwa za kiwanda kinachoaminika kabla ya kuziwasha. Kwa mtu huyo kopi ni malighafi. Ana karakana, ana kipimo cha mgandamizo, ana muda, na likimshinda anakwenda dukani kununua nyingine. Mpasuaji wa Makete anauziwa mashine ile ile kama chombo kilichokamilika, ambacho kesho yake kinatakiwa kumlipia ada ya mtoto.

Tufanye hesabu, na namba hizi nazichagua kwa mfano tu. Tuseme chensoo ya kuiga ni shilingi laki tatu na nusu, na orijino ya kupasulia ni milioni mbili na laki nane. Orijino moja ni za kuiga nane. Ikiwa ya kuiga inadumu msimu wa miezi minne, mtu anaweza kununua mpya kila msimu kwa misimu minane kabla hajafikia bei ya orijino. Ukiishia hapo, ya kuiga imeshinda, na ndipo wengi wanapoishia. Lakini mashine haifanyi kazi peke yake. Nyuma yake kuna opereta, msaidizi, wabebaji wanne na fuso lililokodiwa. Siku moja ya mashine mbovu, vibarua wakiwa wamekaa juu ya magogo wanapiga soga, inaweza kula laki na nusu. Mashine ikipoteza siku tatu kwa mwezi zaidi ya orijino, msimu mmoja umekula milioni moja na laki nane. Misimu miwili inatosha kuipindua hesabu yote.

Badilisha mhusika, jibu linageuka tena. Mkulima wa Kilolo mwenye ekari mbili za misindano, anayekata matawi na kuangusha miti ya kuni siku kumi kwa mwaka, hana fuso linalomngoja. Akinunua orijino ya kupasulia ameweka mtaji mkubwa ukutani kwa miezi kumi na moja. Kwake mashine ya 5200 yenye jina lolote inaweza kuwa uamuzi wa busara, almradi breki yake inakamata na anajua kunoa cheni kwa tupa. Nasikia mara nyingi watu wakimcheka mnunuzi wa mashine rahisi kwamba hajui thamani ya vitu. Anaijua sana. Asichonacho ni hizo milioni mbili na laki nane kwa mkupuo mmoja, na hakuna anayemkopesha kwa dhamana ya msumeno.

Yuko mhusika wa tatu ambaye hatajwi kwenye mazungumzo ya ubora. Tanzania inataka chensoo isajiliwe kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na doria za misitu, kama ilivyo Kenya, hukamata mashine za wanaovuna bila kibali. Anayeingia msitu wa hifadhi usiku anajua mashine yake inaweza isirudi nyumbani. Kwake chensoo ni kitu cha kutupa, na bei ya chini ndiyo sifa pekee anayoitafuta. Mashine rahisi imeshusha kiingilio cha uvunaji haramu kuliko kitu kingine chochote ninachoweza kukifikiria. Zamani aliyetaka kupasua mninga kwa wizi alihitaji tajiri wa kumnunulia msumeno, na tajiri ana jina, ana nyumba, anaweza kufuatwa. Leo vijana watatu wakichanga mauzo ya mahindi wanaingia kazini.

Tajiri, kwa lugha ya madereva na waendesha bodaboda, ni mwenye chombo. Kwenye mbao ni vivyo hivyo. Mashine ni ya tajiri, opereta analipwa kwa ubao au kwa siku. Hapa ndipo hesabu zote za juu zinapungukiwa. Tajiri anaweza kuhesabu petroli, spea, siku zilizopotea na bei ya kuuzia mbao. Mtetemo hauingii daftarini mwake, maana hauko mikononi mwake. Bapa likigusa gogo kwa ncha, mashine inamrukia aliyeishika kwa kasi ambayo jicho haliiwahi. Breki ya cheni iliwekwa kwa ajili ya nukta hiyo. Opereta akikatwa bega, tajiri mwema atachangia hospitali. Tajiri wa kawaida atatafuta opereta mwingine.

Kuhusu mtetemo tunao ushahidi wa kuaminika kutoka kwa watu wanaoishi kwa miti. Huko Suomussalmi, kaskazini mashariki mwa Finland, wafanyakazi wa misitu walifuatiliwa na madaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1972 asilimia 40 yao walikuwa na ugonjwa wa vidole vyeupe: damu haifiki vidoleni, vinakufa ganzi, mtu anashindwa hata kufunga kifungo. Mwaka 1990 walikuwa wamebaki asilimia 5. Katika muda huo chensoo zilipunguzwa uzito, na mtetemo uliofika mikononi ukashuka hadi kama sehemu moja ya saba ya ule wa awali. Watu waliendelea na msitu wao na baridi yao ile ile. Kilichobadilika zaidi ni chombo. Finland hiyo hiyo imefadhili kwa miaka mingi kilimo cha miti Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania kupitia programu ya Panda Miti Kibiashara, na miche imepandwa kwa ustadi. Miti hiyo ikikomaa, mikoani Iringa na Njombe inaangushwa na vijana wanaoshika mashine ambayo raba zake za kuzuia mtetemo zimepasuka na nafasi yake imezibwa kwa kipande cha tairi. Na Njombe au Makete mwezi Juni kuna baridi ya kutosha kumwonyesha opereta vidole vyake vikibadilika rangi asubuhi, kama anajua anachokiona.

Raba hizo zinatuleta kwenye jambo ambalo ubishi wa orijino na feki hulisahau. Chensoo iliyokaa msituni miaka miwili haina tena asili moja. Bodi ni ya kiwanda, silinda imenunuliwa Gerezani jijini Dar es Salaam, kabureta ni kopi, cheni imekatwa kutoka kwenye rola, breki ilitolewa siku ilipoanza kukwama na haikurudishwa. Mwenyewe bado anaiita orijino kwa sababu ndivyo alivyoinunua. Spea feki ni ngumu kuikamata, kwa sababu ringi haina nafasi ya kuandikwa jina refu. Anayetaka kuona tofauti ya haraka kwa fedha kidogo asianzie kwenye mashine. Aanzie kwenye cheni na bapa. Kopi yenye cheni nzuri iliyonolewa vizuri itaiacha nyuma orijino yenye cheni butu, tena itamchosha opereta kidogo zaidi. Watengenezaji wakubwa kama Oregon, kampuni iliyotokana na Joseph Cox, mkata miti wa Marekani aliyebuni jino la cheni la kisasa miaka ya 1940 baada ya kumwangalia funza akitafuna mti, huuza cheni zinazofaa mashine za majina mengi. Bila shaka cheni za Oregon nazo zina feki zake.

Mafuta nayo yanaua bila ubaguzi. Mashine nyingi za kitaalamu za leo zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili nzuri ya tu-stroki. Nyingi za kuiga zinaelekeza 25 kwa moja, kwa kuwa vyuma vyake havijalainishwa vya kutosha na oili ya ziada inafunika kasoro. Opereta aliyezoea moja akikabidhiwa nyingine bila maelezo ataiua orijino kwa moshi au kopi kwa ukavu. Kijitabu kipo kwenye boksi, kwa Kiingereza au Kichina, na boksi limebaki dukani.

Nani basi abadilishe nini? Kukamata makontena bandarini kunasaidia dhidi ya majina ya wizi, na FCC inapoteketeza shehena bandia mwenye jina anafurahi kuliko mnunuzi. Mnunuzi angesaidiwa zaidi na wakala anayekubali malipo kwa awamu na anayeweka spea karibu na msitu, badala ya kumlazimisha kufuata oili sili Dar es Salaam. Wanaotoa mikataba ya uvunaji kwenye mashamba makubwa kama Sao Hill, lenye hekta zaidi ya laki moja na thelathini elfu, wana mkono mrefu kuliko polisi yeyote: wanaweza kuandika kwamba mashine isiyo na breki inayokamata haiingii shambani, bila kujali nembo, kisha wakamweka mtu getini wa kuijaribu. Jaribio lenyewe ni la nusu dakika. Washa, piga resi, sukuma kinga ya mbele, tazama kama cheni imesimama.

Kwa opereta aliyejiwekea akiba akaamua kununua mashine yake mwenyewe, chaguo mara nyingi huwa tofauti na la tajiri wake wa zamani. Hakimbilii mpya ya kuiga wala hafikii mpya ya orijino. Anatafuta orijino ya mtumba, kutoka kwa mtu anayemfahamu, na kabla ya kutoa pesa anafungua kifuniko cha klachi, anatikisa krenki kusikia beringi, anachungulia pistoni kupitia tundu la moshi. Mashine yenye jina, hata ikiwa imekwanguka rangi yote, itapata mteja na fundi wa kuipokea. Ya kuiga ikishanoki, anayeitaka ni mnunuzi wa chuma chakavu, naye anapima kwa kilo.